Kumwita mtoto Yahya wakati ukoo hauna jina hilo

Ndugu uliyeuliza, assalaam alaykum. Umeeleza kwamba mnataka kumwita mtoto wenu Yahya, ila mama yako hakubali kwa kuwa hakuna mtu wa jina hilo katika ukoo, na wakwe zako wa Kasulu, ambao ni Wakatoliki, wanaliona kuwa jina lisilowahusu. Nafundisha madrasa hapa Ujiji na mwanangu wa pili anaitwa Yahya, kwa hiyo suala hili nimeshalizungumza na wazee wa pande zote mbili.

Hoja ya mama imejibiwa ndani ya kisa cha jina lenyewe. Katika Sura Maryam, aya ya 7, Nabii Zakaria, mzee ambaye mkewe ni tasa, anabashiriwa mtoto wa kiume na kutajiwa jina lake hapo hapo, tena anaambiwa kwamba kabla yake hakuna aliyepewa jina hilo. Wapo wafasiri wanaosema makusudio ni kwamba hakupata kutokea mfano wake, lakini maana ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na maneno ya aya. Mwenyezi Mungu ndiye aliyelichagua, hata mimba haijatungwa, na akalipeleka katika ukoo usiokuwa nalo. Ugeni wa jina, basi, hauwezi kuwa kasoro.

Wakwe zako wanakijua kisa hiki pengine kuliko wanavyodhani, maana Yahya wetu ndiye Yohana Mbatizaji wao. Siku ya saba ya mwanangu, baada ya kumnyoa nywele na kuchinja mbuzi wawili wa akika, jirani yetu ambaye ni katekista alikaa nasi mkekani akasimulia kutoka Injili ya Luka jinsi jamaa walivyomwambia Elisabeti kwamba hakuna ndugu yake yeyote mwenye jina hilo, na jinsi Zakaria, aliyekuwa bubu, alivyoomba kibao akaandika kuwa mtoto ni Yohana. Shangazi yangu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa bado ananuna, aliomba arudiwe mahali pale. Wazee wakabishana kuhusu ububu wa Zakaria, kwani Qurani inataja siku tatu na Luka anaufikisha hadi baada ya kuzaliwa mtoto, mpaka pilau ikapoa.

Kuhusu maana, kwa Kiarabu Yahya hulingana na kitenzi cha kuishi, na wafasiri wamesema aliitwa hivyo kwa sababu Mungu alilihuisha tumbo la mama yake, au aliuhuisha moyo wake kwa imani. Hapa nina neno moja. Baadhi ya watu waliofiwa na watoto hulitafuta jina hili kama kinga, na mimi siafiki kulifanya hirizi. Aya ya 15 inamtolea Nabii Yahya salamu siku aliyozaliwa, siku atakayokufa na siku atakayofufuliwa. Kifo chake kimetajwa waziwazi kati ya hizo mbili. Anachosifiwa zaidi ni kupewa hekima angali mtoto, huruma, usafi na uchamungu, pamoja na kuwatendea wema wazazi wake. Msomeeni mama yako aya ya 12 hadi ya 15. Kwangu zilifanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Watu wengi huku hutamka na kuandika Yahaya, na yote mawili ni jina lile lile, lakini ofisi hazilioni hivyo. Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kinasema Yahya, shuleni akaandikishwa Yahaya, na ikabidi tukale kiapo kwa wakili ili ithibitike kuwa ni mtu mmoja. Chagueni tahajia moja tangu kadi ya kliniki, na kila anayemwandikisha mtoto aende na cheti mkononi.