Unataka kusoma kinesiolojia? Anza na kazi unayoitaka

Matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, yakitoka tu huwa napata meseji za vijana wa hapa Lamu, wa Langoni, wa Mkomani, wengine Shela na hata Faza, na siku hizi wamezidi wanaoulizia kinesiolojia manake wameona wenzao walioko ughaibuni wanaisoma na zile video zao za jimu zapendeza. Swali lao karibu wote ni moja, nitaingiaje? Mimi naomba tuanzie upande mwengine. Ukishamaliza kusoma wataka uwe waenda kufanya kazi gani, na nani, wapi? Jibu hilo kwanza manake hii ni digrii yenye milango mingi sana lakini mingi kati ya hiyo yataka ufunguo mwengine ambao digrii peke yake haikupi, na nimewaona watu wazuri, wenye akili, wamemaliza yuni ndo wakajua.

Tuelewane kwanza ni kitu gani. Kinesiolojia ni elimu ya mwili ukiwa kwenye mwendo, misuli na mifupa na neva na moyo na pumzi, vyote vikishirikiana mtu anapotembea, anapoinama, anapoogelea, anaponyanyua mzigo. Kenya hutaiona sana kwa jina hilo. Pale Kenyatta University nilikosoma mimi yaitwa Exercise and Sport Science, kwa hiyo ukiingia portali ya KUCCPS, ile ya kuombea nafasi za vyuo, ukaandika kinesiolojia usipoona kitu usivunjike moyo, tafuta majina ya jirani.

Ami yangu aliposikia naenda kusoma hii koz alikaa kimya kidogo pale barazani halafu akaniuliza, "Mwanangu, sasa wewe waenda Nairobi kusoma mpira?" Nikamwambia ami, tazama wale pale gatini. Lamu mjini gari hakuna za kubeba mizigo mitaani, kila kitu chashuka kwenye boti kwa mgongo wa mtu, kisha mkokoteni au punda, na mfuko wa simiti ni kilo 50. Sasa hamali akiushika ule mfuko umbali wa sentimita 40 kutoka uti wa mgongo, ule uzito wavuta mgongo wake mara mbili ya vile ungevuta akiuweka sentimita 20, karibu na tumbo. Mzigo ni ule ule na mtu ni yule yule, kilichobadilika ni umbali. Akifanya hivo kutwa, mwaka mzima, miaka, ndo wamuona mtu hajafika hata arubaini na kuinuka kwenye kitanda chake ni shida. Hiyo hesabu ndogo ni baiomekanika, na ni somo lenyewe kabisa la kinesiolojia, na ami baada ya kuelewa ndo alokuwa wa kwanza kunichangia nauli.

Halafu kuna wazee wetu. Nadhani hakuna nyumba Lamu isiyo na mtu aliyepigwa na kiharusi au isiyomjua mmoja jirani. Na nyumba zetu mwazijua, ngazi zimesimama, nyembamba, vyumba vya kulala viko juu, mgonjwa akipandishwa juu ndo basi, hashuki tena mpaka abebwe. Watu humuita mkandaji. Mimi wakandaji nawaheshimu sana, nyanya yangu alikuwa mkandaji na mikono yake ilikuwa yajua misuli kabla mimi sijajua hata neno anatomia. Ila mtu wa kiharusi kukandwa peke yake hakumrudishi kwenye miguu, kinachomrudisha ni yeye mwenyewe kurudia mwendo ule ule mara nyingi, kusimama na kukaa, kushika kikombe, kupanda daraja moja la ngazi kisha la pili, kwa sababu ubongo hujifunza upya kwa kurudia, sehemu iliyo nzima yaanza kushika kazi ya ile iliyoharibika. Na yataka ianze mapema, si baada ya siku arubaini za visomo na dawa za kunywa. Haya yote unayasoma darasani kwa jina la ujifunzaji wa mwendo, na kila nilipokuwa nayasoma nilikuwa namuona mtu wa kwetu ninayemjua.

Kwa hiyo mwenye kudhani hii ni digrii ya wacheza mpira, nakuomba ulitoe hilo kichwani. Mpira umo, na riadha imo, lakini ni kipande tu.

Sasa masomo. Utakutana na anatomia na fiziolojia mwaka wa kwanza na hizo mbili ndo zinazowatoa watu jasho, kukariri majina ya misuli, wapi waanzia, wapi waishia, neva gani yauamrisha. Kisha fiziolojia ya mazoezi, baiomekanika, lishe, saikolojia ya michezo, ukuaji wa mtoto, na takwimu. Takwimu msiikimbie jamani, ukishindwa kusoma jedwali la utafiti utaishi kwa kuambiwa na watu. Kinachokufaa kutoka sekondari ni Baiolojia iwe imara, Kemia na Fizikia zisikutupe, na Hesabu. Ile fizikia ya nyenzo na kani mliyosoma kidato cha pili mkaisahau, kiwiko chako ni nyenzo, itakurudia.

Na wazazi wenye watoto walio kwenye mtaala mpya hapa nawaomba muwe macho. Sekondari ya juu, ambayo gredi ya 10 ya kwanza kabisa ilianza Januari 2026, ina njia tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi za Jamii, na Arts and Sports Science. Mzazi asikia sports science asema hapo hapo ndipo pa mwanangu. Huenda ndipo, lakini kama lengo la mtoto ni kutibu watu, fizio (tabibu wa viungo kwa mazoezi) au udaktari wa michezo, basi kaa na mwalimu uulize waziwazi kama mwanangu atakuwa na Baiolojia na Kemia mpaka mwisho, na ukiambiwa hapana mpeleke STEM, mpira atacheza jioni. Njia ya michezo ni nzuri kwa anayetaka ukocha, usimamizi wa michezo, na mambo kama hayo.

Nije kwenye zile funguo sasa, na hapa nitakaa kidogo manake ndipo penyewe.

Digrii ya sayansi ya mazoezi haikufanyi kuwa fizio. Kenya kuna sheria ya Physiotherapists Act ya 2014 na kuna baraza la mafizio ambalo ndilo linalosajili na kutoa leseni, na huwezi kufungua chumba ukaandika fizio mlangoni kwa sababu unajua misuli. Kama kazi unayoiota ni ile ya kumsimamisha mzee wa kiharusi hospitali, basi soma fizio yenyewe moja kwa moja tangu mwanzo, Chuo Kikuu cha JKUAT wana digrii yake, Moi pia wanayo, na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, wana diploma ambayo yataka wastani wa C wakati digrii yataka C+ na masomo yake ya klasta, yale yanayotazamwa kwa koz hiyo. KMTC wana kampasi hata hapa Lamu lakini si kila kampasi yafundisha kila koz kwa hiyo angalia fizio iko wapi mwaka huo kabla hujaaplai. Diploma usiionee haya hata kidogo. Baadhi ya mafizio hodari niliowahi kufanya nao kazi walianza na diploma, wakaajiriwa, wakajisomesha digrii baadaye kwa mshahara wao.

Ukitaka kufundisha shule hapo ufunguo ni TSC, tume ya kuajiri walimu, na TSC wataka ualimu, kwa hiyo tafuta digrii ya elimu yenye michezo ndani yake na somo jengine la pili, au uwe tayari kuongeza diploma ya ualimu juu ya digrii yako.

Ukitaka ukocha wa mazoezi ya viungo, jimu, hoteli, timu, hapo ndipo digrii hii yenyewe yang'ara, lakini bado waajiri wa nje huuliza vyeti vya kimataifa. Kuna cheti cha kocha wa nguvu kiitwacho CSCS, cha NSCA, chama cha makocha hao cha Marekani, hicho hukipati bila digrii, na kuna vya ACSM, chuo cha tiba ya michezo cha huko huko. Wenzetu wa Malindi wana bahati hapa, mahoteli na vilabu vya mazoezi ni vingi, wageni wazee wa Kitaliano wanaokaa miezi wataka mtu wa kuwaongoza mazoezi ya goti na mgongo na wako tayari kulipa, na kijana mwenye digrii na Kitaliano cha kuongea vizuri hakosi cha kufanya. Lamu kazi za namna hiyo ni chache na zategemea msimu, nasema ukweli.

Na wanaotaka kwenda nje. Canada na Marekani kinesiolojia ni digrii kubwa na watu wengi huichukua kama daraja tu la kupandia kwenye kitu chengine. Marekani ili uwe fizio wahitaji udaktari wa fizio, ile DPT, ambayo kawaida ni miaka 3 juu ya digrii ya kwanza, Canada ni masta. Ontario wao kinesiolojia yenyewe ni taaluma iliyosajiliwa tangu 2013, ina baraza lake na mtihani wake. Kwa hiyo usihesabu miaka 4 peke yake, hesabu safari nzima na pesa yake nzima, na uulize kabla hujalipa chochote kama digrii hiyo utakaporudi nayo Kenya itatambuliwa kwa kazi ile unayoitaka. Ajenti anayekuambia "wewe lipa tu, mengine baadaye", muage.

Kwa dada zangu sasa, na hili nalisema kwa moyo wote. Lamu wanawake wengi wenye maumivu ya mgongo baada ya kujifungua, wenye magoti, waliopooza, hawaendi kutibiwa kwa sababu anayewashika ni mwanamume na wao hawaridhiki, au mume haridhiki, na hiyo ni haki yao. Msichana wa hapa akisomea fizio au sayansi ya mazoezi ana kazi inayomsubiri kabla hata hajavaa joho. Mama yeyote anayesoma hapa anayesita kumpeleka binti yake Nairobi au Eldoret kwa koz hii, mfikirie yule jirani yako aliye juu ghorofani hajashuka tangu mwaka jana. Sisi wa kikundi chetu cha mazoezi ya akina mama tulianza asubuhi ufukweni Shela kabla watu hawajajaa, tukitembea kwa kasi na kufanya mazoezi mepesi tukiwa na mabuibui yetu, na wengi hawakuwa wanajua kwamba Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Dakika 150 ni kutoka mjini hadi Shela kwa miguu siku kadhaa kwa wiki, hakuna ada ya jimu.

Ukiwa bado shule au wasubiri kuitwa yuni usikae bure. Nenda kitengo cha fizio cha hospitali iliyo karibu, uombe kwa adabu ukae uangalie, wengine watakataa kwa sababu ya siri za wagonjwa, wengine watakukubalia siku mojamoja. Chukua koz ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu. Jitolee na timu ya mtaani, au siku za mashindano ya kuogelea na mbio za mashua wakati wa Maulidi, ukae na watu wa huduma ya kwanza uone mwili wa mtu aliyechoka kikweli unavokuwa. Na ukiwa yuni, atachmenti, yale mafunzo ya kazini, usiiache kuitafuta mpaka muhula wa mwisho, na usiende tu pale rafiki zako wanapokwenda. Mimi niliomba wodi badala ya klabu ya michezo na ile ndo iliyoniamulia nifanye nini na maisha yangu, mwengine ataingia wodi siku ya kwanza ajue kabisa hapa si pangu, naye pia atakuwa amepata jibu akiwa bado ana muda wa kugeuza.

Pesa: aplai mkopo wa serikali wa HELB mapema na mzidi kuangalia basari za kaunti na za wadi, fomu zake huja na kufungwa haraka na mara nyingi habari hubandikwa tu ukutani ofisini, kwa hiyo pita pita mwenyewe usingoje kuambiwa.

Waliopata matokeo yao juzi na wana wastani kati ya C na C+, nitumieni gredi za Baiolojia, Kemia, Fizikia, Hesabu na lugha pamoja na ile kazi mnayoitaka, niandikieni kwa sentensi moja tu, nami nitawajibu mmoja mmoja kabla dirisha la KUCCPS halijafungwa.