Kwa mzazi ambaye mwanawe anataka kushindana katika jimnastiki

Wazazi wanaonijia hapa Malindi huwa na swali moja, kila mmoja akiliuliza kwa namna yake: mtoto huyu anayeshinda ufuoni akipinduka hewani, je, anaweza kufika Olimpiki? Kwa miaka mingi nilipata riziki kwa sarakasi katika mahoteli ya hapa na ya Watamu, na sasa nawafundisha watoto, wengi wao wasichana. Jibu langu limetokana na viganja na magoti yangu mwenyewe, pamoja na yale niliyojifunza kwa kufuatilia mashindano ya dunia na kanuni zake. Kipaji cha kupinduka ndicho kitu kinachopatikana kwa wepesi zaidi katika mchezo huu. Kazi iliyo ngumu, ambayo ni ya mzazi kuliko ya kocha, ni kuulinda mwili wa mtoto na kauli yake mpaka ufike umri wa kushindana na watu wazima.

Inafaa mzazi aelewe kwanza jinsi alama zinavyotolewa, maana hapo ndipo sarakasi ya hotelini na jimnastiki ya mashindano zinapoachana njia. Hotelini mtalii hushangilia kitendo cha kushtua, na ukitua kwa kuyumba kisha ukaligeuza yumbo hilo kuwa mzaha, makofi huongezeka. Mwamuzi wa jimnastiki hachekeshwi. Ile alama ya 10 aliyopewa Nadia Comăneci wa Romania kule Montreal mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 14, iliondolewa katika mashindano makubwa ya kimataifa mwaka 2006, na mahali pake pakawekwa hesabu mbili zinazojumlishwa: alama ya ugumu, ambayo haina kikomo, na alama ya utekelezaji, ambayo huanzia 10 na kupungua kwa kila kosa. Hatua ndogo wakati wa kutua hukata 0.1, hatua kubwa hukata 0.3, na anayeanguka hupoteza alama nzima. Katika fainali ya boriti kwenye Michezo ya Paris mwaka 2024, dhahabu ilichukuliwa na Alice D'Amato wa Italia (na Waitaliano ni wageni tuliowazoea hapa Malindi), huku washindani waliotarajiwa zaidi yake, akiwemo Simone Biles wa Marekani, wakianguka. Boriti hiyo, ambayo mchezaji hucheza juu yake, ina upana wa sentimita 10 tu na imeinuliwa mita 1.25 kutoka chini.

Kwa sababu hiyo, wanafunzi wangu wapya hawapindui chochote kwa muda mrefu. Tunasubiri maji yakupwe, mchanga ukiwa na unyevu na umeshikamana, nachora mistari miwili iliyoachana sentimita 10, nao hutembea, hugeuka na kusimama kwa mikono baina ya mistari hiyo. Mchanga hujenga nguvu za miguu, lakini haurushi. Zulia la mashindano, lenye mita 12 kila upande, lina springi chini yake, na mtoto aliyezoea kujisukuma kutoka mchangani akipandishwa juu yake kwa mara ya kwanza hupaa kuliko alivyokusudia na hajui ardhi iko wapi. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe atajifunzia kila kitu ufuoni mpaka awe bingwa, na aagane na msemaji huyo kwa adabu.

Kuhusu umri, watu wengi wamebaki na picha ya Nadia, wakiamini kwamba msichana asiyekuwa bingwa akiwa na miaka 14 amekwisha chelewa. Kanuni za sasa zinamtaka msichana awe anatimiza miaka 16 katika mwaka wa mashindano ndipo ashiriki Olimpiki au mashindano ya dunia ya wakubwa, na mvulana miaka 18. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishiriki Olimpiki nane, kuanzia Barcelona mwaka 1992 hadi Michezo ya Tokyo. Vanessa Ferrari wa Italia, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2006, alipata medali ya fedha Tokyo akiwa na miaka 30. Haraka ambayo wazazi huileta kwangu haitoki katika kanuni. Mara nyingi hutoka kwa majirani.

Haraka hiyo hulipwa na mifupa. Mtoto anayekua ana sehemu laini karibu na ncha za mifupa yake, ambapo urefu huongezeka, na katika jimnastiki viganja hubeba uzito wote wa mwili, kazi ambayo havikuumbiwa. Maumivu ya kiwiko cha mkono, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono, au ya mgongo sehemu ya chini kila anapojipinda kwa nyuma, yasiyoisha kwa mapumziko ya siku chache, yanahitaji daktari na picha ya mifupa. Hayahitaji kukandwa kwa mafuta, na hayahitaji kocha anayesema kwamba bingwa huvumilia. Rebeca Andrade wa Brazil, mtoto wa mama aliyefanya kazi za nyumbani na kulea watoto wengi peke yake, alipasuliwa goti mara tatu kabla ya kupata dhahabu Tokyo na nyingine Paris. Alirudi kwa sababu alipewa muda wa kupona.

Chakula kimo katika hesabu hiyo hiyo. Wanamichezo wa ngazi ya juu hufanya mazoezi kwa saa 30 kwa wiki au zaidi, na msichana anayefanya kazi hiyo kwa njaa hukosa hedhi, mifupa yake ikadhoofika na kuvunjika kwa mambo madogo. Kukosa hedhi si dalili ya mwili wa kimichezo, ni ugonjwa. Kocha akianza kuwapima watoto uzito mbele ya wenzao, mwondoe mwanao siku hiyo hiyo. Wakati wa Ramadhani mimi hubakisha mazoezi mepesi ya viungo, na vitendo vya kuruka husubiri hadi baada ya Idi, kwa sababu mtu mwenye kiu hukosea kutua.

Suala la mavazi huwakatisha tamaa wazazi wengi wa Pwani bila sababu. Kanuni zinaruhusu vazi linalofunika miguu hadi vifundoni, na timu ya wanawake ya Ujerumani ilivaa hivyo Tokyo mwaka 2021 kwa hiari yao.

Jambo ninalolirudia kila mara, hata wazazi wengine huniona msumbufu, ni la nani anabaki na mtoto. Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya Marekani kwa miaka mingi, na Januari 2018 zaidi ya wanawake na wasichana 150 walieleza mahakamani Michigan jinsi alivyowadhulumu kwa kisingizio cha tiba. Baadhi ya wazazi walikuwa ndani ya chumba kile kile, naye alijipanga ili wasione. Kwa hiyo mzazi kuwapo tu hakutoshi. Mweleze mwanao waziwazi, kwa maneno ya nyumbani kwenu, ni sehemu gani za mwili ambazo hakuna mwalimu wala mganga wa kuzigusa bila yeye kuelezwa sababu na mama kuwapo, na umwoneshe kwamba akija na malalamiko hatanyamazishwa kwa ajili ya heshima ya mkubwa. Katika mji wa watalii kama wetu, ongeza kundi jingine: mgeni mkarimu anayejitolea kumfadhili mtoto kisha akataka kuonana naye faraghani. Nimewahi kukataa ufadhili wa namna hiyo, na baadhi ya wazazi walinikasirikia.

Kauli ya mtoto inahusu pia mazoezi yenyewe. Tokyo, Simone Biles alijitoa katika fainali ya timu baada ya kuruka mara moja tu, kwa sababu akili yake ilikuwa imepoteza hisia ya mahali mwili ulipo hewani, hali inayoweza kuvunja shingo. Alirudi kwenye boriti akapata shaba, na Paris akashinda dhahabu tatu. Mwanafunzi wangu akisema leo hapindui, hapindui, wala haulizwi mara ya pili mbele ya wenzake. Mara nyingi kesho yake hurudi mwenyewe.

Mwisho ni fedha na masomo. Afrika imepata medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika jimnastiki Paris, dhahabu ya Kaylia Nemour wa Algeria kwenye vyuma viwili visivyolingana kimo, lakini Nemour alizaliwa na kulelewa kimichezo Ufaransa, penye kumbi na vifaa ambavyo Malindi hatuna. Msichana wa hapa atakayefika mbali huenda atalazimika kuhama mji, pengine nchi. Cheti cha shule ndicho kitakachompa njia nyingine: vyuo vikuu vya Marekani vina mashindano yao ya jimnastiki na hutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji, lakini havimpokei asiyemaliza sekondari. Yeyote anayetaka kumchukua mwanao aandike kwenye karatasi atalala wapi na nani, atasoma shule gani, nani atalipa hospitali akiumia, na nani atalipa nauli ya kurudi akitaka kuacha; kisha karatasi hiyo isomwe na mwanasheria kabla hujaomba pasipoti.