Maswali Yenu: Wasifu wa kurasa kumi na mbili, unaanza kuusoma wapi?

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja: ni mtu wa aina gani hasa anayeitwa mtaalamu wa usimamizi wa teknolojia na ushirikiano wa utafiti wa kimataifa. Tumechagua nne.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya ajira katika chuo binafsi. Tunatafuta mkuu wa kitengo cha teknolojia na ushirikiano wa utafiti. Waombaji wamebaki wanne: profesa mwenye machapisho zaidi ya 80, mhandisi aliyekaa miaka 15 kwenye kampuni ya mawasiliano, mwanasheria, na mwenye shahada ya uzamili ya biashara. Wote wameandika kwamba wana "uzoefu mkubwa wa kimataifa". Tuwapimeje?
*M.J., Kigamboni*

JIBU: Ndugu M.J., tatizo lenu limeanzia kwenye tangazo. Mmetangaza kazi mbili mkazivisha kanzu moja. Usimamizi wa teknolojia ni kuamua kipi kilichobuniwa maabara kiendelezwe, kipi kilindwe kwa hataza (haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake), kipi kiachwe, na nani apewe leseni kwa masharti gani. Ushirikiano wa utafiti ni andiko la mradi, bajeti, mkataba, vibali na ripoti. Wanaoziweza zote mbili wapo, ila ni wachache, na kwa kawaida wamepita njia zaidi ya moja: maabara kisha ofisi ya ruzuku, au kiwandani kisha chuoni.

Kila mmoja wa hao wanne ana upande anaopwaya. Profesa anaijua sayansi, lakini mazoea yake ni kuchapisha kwanza. Katika nchi nyingi, makala ikishatoka hadharani kabla ombi la hataza halijawasilishwa, uvumbuzi umepoteza upya wake na mlango umefungwa. Mhandisi anajua gharama na tarehe za kukabidhi kazi, ila amezoea bosi mmoja. Kwenye utafiti hakuna wa kumwamuru mbia aliye Uholanzi. Mwanasheria ataona mtego kwenye mkataba, lakini mwulizeni kifaa fulani kiko ngazi ya ngapi katika zile ngazi 9 za ukomavu wa teknolojia zilizotokana na NASA. Ngazi ya 3 ni wazo lililothibitishwa maabara. Ya 7 ni kifaa cha mfano kilichofanya kazi katika mazingira halisi. Anayezichanganya atauza leseni ya kitu ambacho hakijawa. Huyo wa biashara hatumsemi, maana shahada yake haituambii lolote mpaka tujue aliifanyia kazi wapi.

Sasa wasifu wenyewe. Anzeni na vitenzi. "Alishiriki", "alihusika" na "alikuwa sehemu ya" ni maneno ya kujifichia. Tafuteni "alisaini", "alikataa", "alijadili", "aliwasilisha", "alifunga hesabu". Kisha geukieni fedha. Mtu akiandika kwamba alikuwa kwenye mradi wa euro milioni 3, ombeni tarakimu tatu: jumla ya mradi, fungu la taasisi yake, na sehemu aliyoisimamia kwa saini yake. Mradi wa taasisi 8 wa euro milioni 3 unaweza kuipa taasisi moja euro 180,000, na yeye akasimamia 40,000. Si aibu, ila si milioni 3.

Mengi ya hayo mnaweza kuyahakiki mkiwa mmekaa ofisini. Miradi inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya imo kwenye hifadhidata ya CORDIS, ambayo huonyesha kila taasisi mbia na kiasi ilichopangiwa. Ruzuku za taasisi za afya za Marekani zimo kwenye NIH RePORTER, pamoja na jina la mtafiti mkuu. Machapisho yaangalieni kupitia namba yake ya ORCID, utambulisho wa mtafiti wenye tarakimu 16, kwa sababu majina yanafanana na mitandao ya kutafuta makala humbebesha mtu kazi za wajina wake.

Hataza ndiyo sehemu inayotiwa chumvi kuliko zote. Anayeandika kwamba ana "hataza ya kimataifa" mwiteni aeleze, kwa sababu hakuna hataza ya dunia nzima. Namba inayoanza na WO ni ombi lililopita kwenye PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, na ombi hilo bado linapaswa kukubaliwa nchi kwa nchi, au kupitia ofisi ya kikanda kama ARIPO iliyoko Harare. Ifungueni namba hiyo kwenye Espacenet au Patentscope, hifadhidata za hataza za mtandaoni: kwa kawaida herufi A mwishoni maana yake ni ombi lililochapishwa, na B ni hataza iliyotolewa. Kisha ulizeni kama ada ya kila mwaka inalipwa. Hataza isiyolipiwa imekufa, hata kama cheti chake kimewekewa fremu ukutani.

Mwisho, wapeni jaribio la saa moja: rasimu ya mkataba wa ubia ya kurasa tatu mliyoiharibu kwa makusudi. Ondoeni kifungu kinachosema kila mbia anaingia na ujuzi gani aliokuwa nao tangu awali. Msitaje sampuli ni za nani. Malipo yaandikwe bila kutaja sarafu. Acheni mbia awe na haki ya kuzuia uchapishaji bila kikomo cha muda. Atakayeona matatu kati ya manne anafaa kuitwa kwenye usaili, awe profesa au asiwe.

SWALI: Mimi ni mhasibu mwenye CPA. Nasikia vyuo vinatafuta wasimamizi wa ruzuku. Je, mhasibu anahesabika kuwa mtaalamu wa ushirikiano wa utafiti, au nitabaki kuwa wa kulipa posho?
*Mama Neema, Temeke*

JIBU: Unahesabika, Mama Neema, tena miradi mingi huharibika mahali ambapo ungekaa wewe. Ila CPA pekee haitoshi, kwa sababu kila mfadhili ana hesabu zake.

Chukua Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2021 hadi 2027, ambao taasisi za Tanzania zinaruhusiwa kupokea fedha zake. Gharama za uendeshaji wa taasisi hulipwa kwa kiwango kimoja, asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, baada ya kutoa kazi zilizopewa wakandarasi. Mradi ukiwa na gharama za moja kwa moja za euro 100,000, na 20,000 kati yake ni za mkandarasi, asilimia 25 inapigwa kwenye 80,000. Unapata 20,000, na jumla ni 120,000. Wanaopiga kwenye laki nzima huomba 25,000, na hizo elfu tano za ziada hukatwa.

Kosa la pili ni kubadilisha fedha. Vitabu vyenu viko kwa shilingi, ripoti inatakiwa kwa euro. Kiwango cha benki yenu siku fedha zilipoingia hakitumiki. Kwa sarafu kama shilingi, ambayo haimo kwenye orodha ya Benki Kuu ya Ulaya, hutumika wastani wa viwango vya kila mwezi vya Kamisheni ya Ulaya katika kipindi chote cha ripoti. La tatu ni kumbukumbu za muda wa kazi: mtumishi aliyelipwa na mradi lazima aonekane alifanya kazi ya mradi, na fomu zilizojazwa zote siku moja kwa kalamu moja mkaguzi huzitambua kabla hajamaliza chai. Nyaraka hutunzwa miaka 5 baada ya malipo ya mwisho, au 3 kwa ruzuku isiyozidi euro 60,000.

Kwenye wasifu wako usiandike "nilisimamia fedha za wafadhili". Andika mfadhili, kiasi, idadi ya ripoti ulizowasilisha, na kiasi kilichokataliwa na wakaguzi. Kikiwa sifuri, hiyo ndiyo shahada yako ya pili.

SWALI: Mtafiti kutoka Ujerumani ameniomba niwe mtafiti mwenza ili apate kibali. Anasema sitakuwa na kazi nyingi. Je, itanisaidia kwenye wasifu wangu?
*Mhadhiri, Ubungo*

JIBU: Hilo la kutokuwa na "kazi nyingi" ndilo la kuogopa. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, humtaka mtafiti mgeni awe na mshirika wa hapa nchini. Kwa hiyo jina lako ndilo linalofungua mlango. Ukiwa mshirika wa jina tu, utajibia maswali ya utafiti usioujua, na makala itakapotoka utajikuta kwenye aya ya shukrani.

Kabla hujasaini, kubalianeni kwa maandishi juu ya uandishi. Wahariri wa majarida ya tiba wana masharti manne: mchango wa kweli kwenye kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua; kuandika au kuhakiki kwa kina; kuidhinisha toleo la mwisho; na kukubali kuwajibika. Dai nafasi ya kuyatimiza yote. Orodha ya CRediT, yenye majukumu 14 ya wachangiaji wa makala, itakusaidia kutaja ni lipi lako na lipi la mgeni.

Kama utafiti unahusu afya ya binadamu, kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kinahitajika pia, na sampuli hazitoki nchini bila mkataba wa kuzihamisha. Taarifa za watu zikipelekwa nje, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika. Mgeni naye asidhani kibali cha utafiti ndicho kibali cha kuishi: hicho ni cha Uhamiaji, daraja C. Mwambie mapema, maana akikwama, simu ya kwanza atakupigia wewe.

SWALI: Nina shahada ya uhandisi wa umeme na kazi ya miaka miwili. Je, ni lazima nipate uzamivu ndipo niingie kwenye usimamizi wa teknolojia?
*Dada wa Tabata*

JIBU: Si lazima. Uzamivu kwa kawaida huhitajika ukitaka kuwa mtafiti mkuu. Kwa leseni, hataza na vituo atamizi (vinavyolea biashara changa) si sharti. Maliza kwanza usajili wako wa Bodi ya Wahandisi, na mafunzo yao ya miaka 3 chini ya msimamizi usiyaruke, kwa sababu humo ndimo utakapopata mifano ya maamuzi uliyoyafanya. Chukua kozi ya awali ya miliki bunifu ya WIPO, shirika la miliki bunifu duniani. Ni ya bure na husomwa kwa mtandao. Kisha jifunze kutafuta hataza: chagua kifaa kimoja kinachotumika kazini kwako, tuseme kidhibiti cha chaji ya sola, tafuta hataza 20 zinazokihusu, na andika kurasa mbili ukieleza zipi bado ziko hai, za nani, na zipi hazijawahi kuombewa ulinzi hapa Tanzania. Ziambatishe kurasa hizo mbili kwenye maombi yako ya kazi.