Swali la lugha: Mpunga, mchele au wali?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Arles, kusini mwa Ufaransa, na huwa ninatembeza wageni wanaotoka Tanzania na Kenya. Mwezi wa tisa niliwapeleka La Chassagnette, mgahawa ulioko Le Sambuc, katika Camargue, yaani delta ya mto Rhône karibu na Bahari ya Kati. Una bustani yake ya mboga na nyota ya Michelin, tuzo ya migahawa bora. Niliwaandikia karatasi ya Kiswahili: "Karibuni kwenye mgahawa wa kishamba wa msimu, shamba kwa meza. Leo: mpunga mwekundu wa Camargue na mboga zilizovunwa asubuhi." Mama mmoja wa Tanga akaniuliza, "Mwanangu, huo mpunga tutautafuna na maganda yake?" Nisaidie nirekebishe kabla kundi jingine halijafika.

JIBU: Marahaba. Mama huyo amekusaidia kuliko unavyodhani, na nitamrudia. Lakini nianze na neno ambalo yeye alikustahi asilitaje: kishamba.

Ulifuata kanuni. Tunasema kupika kihindi, kuvaa kipwani, kwa hiyo ukaona kishamba ni "kwa namna ya shambani". Neno hilo limeshahama zamani. Mambo ya kishamba ni mambo ya mtu asiyejua ustaarabu wa mjini, na ushamba ni tusi kamili. Silipendi tusi hilo, maana linamdharau anayetulisha, lakini karatasi ya chakula si mahali pa kupigania jambo hilo. Andika "chakula cha shambani". Hiyo -ni ya mwisho inataja mahali kilikotoka, na dharau inaondoka.

"Shamba kwa meza" nayo ina upungufu huohuo. Neno "kwa" halibebi safari. Ukitaka kauli hiyo, sema "kutoka shambani hadi mezani". Ila mimi ningependa zaidi sentensi yenye mtu anayetenda: "Tunapika tulichokichuma bustanini." Na iwe bustanini kweli, kwa sababu kipande cha mboga kilicho jirani na jiko ni bustani, shamba ni kule kwenye mpunga.

Sasa mpunga. Kifaransa kina neno moja, riz, iwe mmea umesimama majini, iwe punje ziko guniani, iwe chakula kinafuka moshi kwenye sahani. Sisi tunayo matatu, na hayabadilishani. Mpunga ni mmea, na pia punje zikiwa bado ndani ya maganda. Ukishakobolewa unakuwa mchele. Mchele ukishapikwa unakuwa wali. Mama yangu alikuwa akipepeta mchele kwa ungo jioni, pumba zinapeperuka, kisha anainamisha uso na kuokota chuya moja moja, yaani zile punje chache zilizoponyoka zikabaki na ganda. Chuya ni mpunga uliojificha ndani ya mchele, na jina lake inalo peke yake. Ndiyo maana mama wa Tanga alishtuka: ulimwahidi sahani nzima ya chuya.

Huko Camargue wakulima hupanda kuanzia mwezi wa nne hadi wa tano, wakavuna wa tisa na wa kumi. Maji ya Rhône hujazwa kwenye majaruba, na mbali na kulisha mpunga husukuma chini chumvi ya ardhi ile iliyo jirani na bahari. Kwa hiyo siku ile wageni wako walipita barabarani wakiona mpunga umeiva, mpishi alikuwa na mchele jikoni, wao wakala wali. Safari yote ya kutoka shambani hadi mezani imo ndani ya maneno hayo matatu, bila kulitaja shamba wala meza. Waambie hivyo mkiwa bado kwenye gari.

Sahanini, basi, andika "wali wa mchele mwekundu wa Camargue". Jina la mahali lisiachwe. Sisi wenyewe husema mchele wa Kyela na pishori ya Mwea, na mchele wa Camargue jina lake linalindwa kisheria katika Umoja wa Ulaya. Huo mwekundu, rangi yake iko kwenye ngozi nyembamba ya punje, ndiyo maana hausuguliwi ukawa mweupe. Wapo wanaouita "mchele usiokobolewa". Sikubaliani nao: usiokobolewa bado ni mpunga, na tutarudi kwenye maganda. Sema "mchele usiong'arishwa".

Kuhusu "mboga zilizovunwa", si kosa, ila ni neno la jumla mahali ambapo Kiswahili kina mengi ya karibu. Mpunga unavunwa. Nyanya, bamia na mchicha vinachumwa. Karoti na vitunguu vinang'olewa, viazi vinachimbwa, maembe na nazi vinaanguliwa. Ukiandika "nyanya zilizochumwa asubuhi, karoti zilizong'olewa sasa hivi", msomaji anaiona mikono ya mtu na udongo kwenye kucha. Neno "kuvuna" haliwezi kumwonyesha hayo.

Limebaki "mgahawa wa msimu". Mtu wa Bagamoyo au Malindi atakuelewa kwamba unafunguliwa miezi fulani tu, kama vibanda vya ufukweni wakati wa watalii. Ulichokusudia ni "mgahawa wa vyakula vya msimu": kilichopo bustanini ndicho kinachopikwa, kisichokuwepo kinangoja. Msimu ni neno letu la siku nyingi, lililotoka Kiarabu, mawsim, na mabaharia ndio waliolieneza kwa ajili ya pepo zao.

Majina ya majira ya Ulaya yanahitaji uangalifu. Kiangazi kinaingia vizuri huko ulipo, maana miezi ya sita hadi ya nane pwani ile ni mikavu na ya jua kali. Vuli pia haiko mbali, kwani mvua nyingi huja na mwezi wa kumi. Kipupwe ndicho kitakachokuponza. Kwetu ni baridi ya mwezi wa sita na wa saba, wakati huko watu wanachuma biringanya. Weka jina la mwezi pembeni ya kila jina la majira.

Karatasi yako ningeiandika hivi:

"Karibuni. Tunapika vya msimu, tulivyovichuma bustanini. Leo, Septemba: wali wa mchele mwekundu wa Camargue, na nyanya na biringanya zilizochumwa asubuhi."

Mkiwa na mgeni wa Nairobi na akasema mkahawa badala ya mgahawa, mwache. Kwao ndiyo sahihi.