Riwaya ya Sonni Ali: mjue shahidi kwanza

Mkuu, usiipeleke hiyo alama uliyoipa riwaya ya Sonni Ali kwenye kikundi chenu cha usomaji. Umeuliza kama riwaya hiyo inawafaa vijana wa sekondari na kama ni ya kweli, kisha ukajijibu mwenyewe kwamba ni ya kweli kwa sababu ukatili wa Sonni Ali uliomo unafanana na wa Tarikh al-Sudan, kitabu cha zamani cha historia kutoka Timbuktu. Nami nilihukumu hivyo hivyo, na nilikosea.

Sonni Ali alitawala Songhai, dola ya Afrika Magharibi, kuanzia 1464 hadi 1492. Al-Sa'di, mwandishi wa tarikh hiyo, alizaliwa zaidi ya miaka 100 baada ya kifo cha mfalme huyo, na habari anazosimulia zinafika 1655. Alizirithi kwa wanavyuoni wa Timbuktu, ambao wazee wao waliuawa na Sonni Ali au walimkimbia hadi mji wa Walata. Sasa rudi nyuma zaidi, maana hapo ndipo penye uzito. Mwaka 1493 Askia Muhammad alimpindua Baru, mtoto wa Sonni Ali. Baadaye akampelekea mwanachuoni al-Maghili maswali, likiwemo la kama Sonni Ali alikuwa Mwislamu kweli. Muulizaji ndiye aliyekalia kiti! Sonni Ali akihukumiwa kafiri, mapinduzi yanakuwa halali. Riwaya yako imeuchukua ushahidi wa mshindi ikaufanya sauti ya msimulizi.

Wanaoniudhi ni waandika dibaji wanaosema "imezingatia vyanzo asilia" bila kutaja chanzo kipi, cha lini, cha nani. Neno hilo linawafunga wasomaji macho.

Chukua karatasi. Chagua matukio matatu mazito kitabuni, na kwa kila moja andika limetoka wapi, liliandikwa lini na mwandishi wake alifaidika nini. Halafu tafuta kilichoachwa. Al-Sa'di huyo huyo anasema Sonni Ali alikiri kwamba bila wanavyuoni dunia haina utamu, na aliwapelekea baadhi yao mateka wa kike wa Kifulani kama zawadi. Riwaya ikibakisha mauaji na kufuta hayo, imeshachagua upande. Mzingiro wa mji wa Djenné wa miaka 7, miezi 7 na siku 7 ni hesabu ya wasimulizi, usiipime kama tarehe za kalenda. Na ukikuta Askia akiwa hija anabashiriwa kwamba khalifa wa 12 atatoka Masina, hiyo imechomekwa kwenye Tarikh al-Fattash, tarikh nyingine ya Songhai, karne ya 19 ili kumtukuza Ahmad Lobbo, mtawala wa Masina wa karne hiyo.

Riwaya zinazomfanya shujaa nazo zipimwe vivyo hivyo. Sohantye, waganga wa Kisonghai wanaomsifu, hudai ni wa ukoo wake, kwa hiyo nao wana lao.

Mahindi na mihogo ndani ya Gao, mji mkuu wa Songhai, ya wakati huo ni makosa, ndiyo, kwa kuwa mazao hayo yalikuwa hayajafika Afrika, lakini mhariri huyafuta kwa dakika tano. Shahidi aliyechaguliwa vibaya anaharibu kitabu kizima. Anza na sura ya kutekwa kwa Timbuktu, usiku huu huu, kabla kikundi hakijakutana.