Habari moja kwenye tovuti kumi bado ni habari moja

SWALI: Mhandisi, nimesoma kuna betri mpya ya gari inayochajiwa kwa dakika 5 na kwenda kilomita 1,000. Mwanzoni sikuamini, lakini nimeikuta kwenye tovuti zaidi ya kumi, nyingine kubwa kabisa. Nilikuwa karibu kununua gari la umeme. Je, nisubiri hiyo?

JIBU: Usisubiri. Kama gari lililopo sokoni linatosha safari zako, nunua. Mimi nataka nikushike hapo uliposema "tovuti zaidi ya kumi", maana karibu kila anayeniuliza kuhusu betri za miujiza hunipa ushahidi huo huo.

Zifungue hizo habari kumi uziweke sambamba. Utakuta mkurugenzi ni yule yule, maneno yake yale yale, picha ile ile. Zote zimechotwa kwenye taarifa moja iliyoandikwa na kampuni yenyewe, mara nyingi wakati inasaka wawekezaji. Shahidi wako ni mmoja, na ndiye mwenye mali inayouzwa.

Chukua kalamu. Gari la umeme la kawaida hula takriban kilowati-saa 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo kilomita 1,000 zinataka 150. Kuzijaza kwa dakika 5, ambazo ni sehemu ya 12 ya saa, kunahitaji chaja ya kilowati 1,800, hapo hujahesabu umeme unaopotea kama joto. Chaja nyingi za kasi zilizopo barabarani hutoa kati ya kilowati 50 na 350. Mwandishi aliyepiga hesabu hiyo angeuliza umeme huo utatoka wapi. Na anayechanganya kilowati na kilowati-saa mimi huacha kumsoma papo hapo: kilowati ni kasi ya maji bombani, kilowati-saa ni maji yaliyokwisha kuingia ndooni.

Huenda ndani yake kuna chembe ya kweli, kwamba seli moja ndogo kama kifungo cha shati ilifanya vizuri maabara. Basi fikiria hili: mwanasayansi John Goodenough na wenzake walionyesha kathodi (upande chanya wa betri) ya lithiamu na kobalti mwaka 1980, na Sony wakaanza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991. Miaka 11, kwa kazi iliyokuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019! Uliza pia hizo kilomita zilipimwa kwa kipimo gani. Gari lile lile hupata namba kubwa kwa CLTC ya China, ikapungua kwa WLTP ya Ulaya, ikapungua tena kwa EPA ya Marekani.

Wengine huniambia, "Lakini nimeona video." Mwaka 2018 kampuni ya Nikola ya Marekani ilitoa video ya lori lake likikimbia barabarani, mwaka 2020 ikabainika lilikuwa linaserereka kwenye mteremko bila nguvu yake lenyewe. Mwanzilishi wake, Trevor Milton, alitiwa hatiani kwa ulaghai mwaka 2022, ingawa Rais Trump alimsamehe mwaka 2025. Bado naletewa video za dinamo iliyofungwa gurudumuni, ati gari linajichaji lenyewe likitembea. Dinamo hiyo inavuta nguvu kwenye gurudumu hilo hilo na kurudisha pungufu ya ilichochukua. Anayekuuzia kifaa hicho ni tapeli, usimpe hata senti.

Wanaoyachukia magari ya umeme nao wana uongo wao. Oktoba 2023 jengo la maegesho katika uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, liliteketea, na mitandaoni watu wakatangaza kwamba chanzo ni gari la umeme. Zimamoto walisema gari lililoanza kuwaka lilikuwa la dizeli. Picha za moto ule bado natumiwa kama ushahidi, na nikihoji, naambiwa habari hiyo iko kila mahali.