Ukuta wa chaki Mwanga: watu wataandika au watatukana?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa Mwanga, Kigoma. Tuko wanne, kazi yetu ni kuandika mabango ya maduka na majina ya maboti kule Kibirizi. Tunataka tupake rangi nyeusi ukuta wa godauni moja karibu na soko, tuweke chaki, kila anayepita aandike anachotaka kibadilike mtaani. Ila wenzangu wawili wanasema watu wataandika matusi na Simba na Yanga tu. Tuendelee au tuache? Na ruhusa tunaomba wapi?

JIBU: Marahaba mjomba. Endeleeni. Simba na Yanga wataandika, hilo msahau kulizuia, we futa asubuhi maisha yaendelee.

Hii kitu imeshafanyika. Mwaka 2011 kule New Orleans, Marekani, msanii anaitwa Candy Chang alifiwa na mtu aliyempenda sana, akachukua ukuta wa nyumba iliyotelekezwa jirani na kwake, akaupaka rangi ya ubao na kuandika mstari mmoja tu, akaurudiarudia ukuta mzima: "Kabla sijafa nataka", halafu nafasi. Kesho yake ukuta umejaa. Saizi kuta za namna hiyo zimepita 5,000 kwenye nchi zaidi ya 75. Na ruhusa aliomba, kwa mwenye nyumba mpaka kwa wakubwa wa mji, so na nyie anzeni na mwenye godauni, awape kwa maandishi, halafu mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, na ukuta ukiwa wa umma basi mnaenda manispaa.

Ujanja wa yule mama uko kwenye ule mstari ulioanzwa. Mtu akikuta sentensi imeachwa njiani mkono wenyewe unataka kuimalizia, ila ukuta mtupu ulioandikwa MAONI huo ndo unaletaga matusi. Tafuteni sentensi ya kwenu, nyembamba, kitu ambacho mtaa unaweza kukifanyia kazi. Mimi ningeweka "Mvua ikinyesha, hapa sokoni kinachonikera ni". Hapo mtapata mtaro, tope, paa linalovuja, mama wa dagaa atawaambia mzigo wake unalowa saa ngapi.

Rangi ya ubao mkiikosa, chukueni rangi ya maji nyeusi mchanganye na ile simenti ya kuzibia vigae, vijiko viwili vya chakula kwa kikombe kimoja cha rangi. Ikishakauka vizuri sugueni chaki ya ubavu ukuta wote kisha mfute, mkiruka hii hatua maandishi ya kwanza yataganda yasifutike vizuri. Stensili mkate kwenye filamu kuukuu za eksrei, nyie wa mabango mnajua. Na chagueni upande wenye baraza, mvua za huko zikianza Novemba chaki haina ubavu.

Sasa kinachonisumbua mimi si matusi. Huku Tabora kuna ofisi moja, jina siitaji, ilikuwa na sanduku la maoni mlangoni, nikaandika karatasi yangu nikatumbukiza wakatoka nyigu. Kufuli limeota kutu, halijafunguliwa sijui toka lini! Ukuta wenu utakuwa hivohivo kama hakuna wa kusoma. Kabla ya kufuta pigeni picha, hesabuni kipi kimejirudia, mkasome kwenye mkutano wa mtaa kwa sauti, halafu jibu la mwenyekiti mje mliandike palepale ukutani kwa rangi isiyofutika.

SWALI LA PILI, hukohuko Kigoma: Bibi yangu anauza sokoni na hajui kusoma, yeye atashirikije?

JIBU: Swali zuri kuliko la kwanza (msinune vijana). London mwaka 2015 shirika la Hubbub liliweka boksi la vishungi vya sigara lina matundu mawili, linauliza nani bora, Ronaldo au Messi, mtu anapiga kura na kishungi chake badala ya kukitupa chini. Bibi mtengenezeeni madumu mawili ya plastiki yanayoonyesha ndani, moja limechorwa taa, lingine mtaro, atumbukize kizibo cha soda. Kwa siku mtu kizibo kimoja, na madumu myafunge kwa waya, dumu zima sokoni halilali.